Hakuna Aliyetaka Kutoka

Mwanamke wa kwanza aliyejitambulisha kuwa mdogo wake jirani yangu aliandika asubuhi, umande ukiwa bado juu ya bati. Wa pili aliandika mchana wa siku hiyohiyo. Wa tatu alikuja baada ya siku chache, na huyo alikuwa na maneno mengi kuliko wenzake: alijua jina la baba, alijua kijiji cha Fizi walikozaliwa, alijua hata kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Nilimsomea jirani yangu ujumbe wa kila mmoja, naye alisikiliza akiwa ameshika bakuli lake la kupimia unga wa foufou, ule wa muhogo. Kila nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu, kama ndiye.

"Huyu njo yeye?"

Nikamsomea tena. Mdogo wake alikuwa mmoja. Walipotezana usiku wa kukimbia, karibu na ziwa, watu walipogawanyika na kila kundi likashika njia yake. Yeye alikuwa msichana mkubwa, mdogo alikuwa anaanza tu kuota matiti. Tangu hapo alipita kambi baada ya kambi akiuliza, mpaka akafika Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, akapata kiwanja kijiji cha Kashojwa, akalima, akaanza kuuza unga, na hakuacha kuuliza. Sasa dunia ilikuwa imempa wadogo watatu kwa wiki moja.

Ukurasa ambao walikuwa wanamwandikia niliutengeneza mimi. Ulikuwa ukurasa wa mtandaoni wa watu kutafutana: unaandika wewe ni nani na unamtafuta nani, na yeyote mwenye simu, awe Nakivale, Bujumbura au Kigoma, anausoma na kukujibu. Niliutengenezea kwenye kibanda cha kuchaji simu cha mzee mmoja Mrundi, kwa laptopu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Haukuwa na mlango, na kutokuwa na mlango ndiko nilikojivunia. Niliacha shule mapema, na sababu ilikuwa miguu yangu, kichwa hakikuwa na tatizo. Ilinishinda kukaa kwenye dawati moja wakati nje kuna njia. Nimelala Uvira, Bujumbura, Kigoma, Kampala na Mbarara, na kila nilipofika nilikuta mlango na mtu wa kuniuliza mimi ni nani. Nilitaka kutengeneza mahali pamoja ambapo hakuna anayekuuliza.

Nilipojiuliza huyu wa tatu amejuaje kovu, nilipandisha ukurasa juu kwa kidole mpaka nikafika kwenye tangazo la jirani yangu. Nililiandika mwenyewe, yeye akitamka. Jina la baba lilikuwa pale. Kijiji kilikuwa pale. Kovu, mkono wa kushoto, moto wa chai. Wale wanawake hawakuwa wamejua chochote; walikuwa wamesoma tu na kumrudishia maneno yake mwenyewe. Nilikaa nikitazama kioo kana kwamba kimenizaba kofi.

Nilimwambia. Aliweka bakuli chini, akapangusa unga mikononi polepole.

"Peti," akasema, maana ndivyo alivyoniita, yaani mdogo, kwa kile Kifaransa chetu kilichokatikakatika, "niliwapa batu nguo yangu yote. Sasa kila mutu anaivaa."

Hakulia. Aliniomba tu nitengeneze namna ya kumjua mwongo.

Nilipanda lori la ndizi kutoka Kabingo hadi Mbarara. Huko nilikuwa na rafiki, mwanamke wa Kinyankole anayetengeneza kompyuta katika chumba nyuma ya duka la misumari na saruji. Msimu mmoja aliniruhusu kulala chumbani humo, nikawa namfagilia, naye akawa ananiacha nifungue mashine zilizokufa nione ndani. Niliyoyajua yote kuhusu programu yalianzia pale, mengine nikayaokota kwenye video za mtandaoni, na mengine kwa kuharibu vitu vizima.

Nilimweleza ninachotaka: kila mtu awe na jina na neno lake la siri, aingie kwa hilo, na ujumbe wake ausome yeye peke yake. Aliniuliza maneno hayo ya siri nitayaweka wapi. Nikamwambia nitayaandika kwenye jedwali, kila neno mbele ya jina la mwenyewe.

Aliweka bisibisi mezani, akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe juu ya paa.

"Ssebo, wewe nacheza? Mwizi nakuja, nafungua hiyo jedwali, nakuta neno ya kila mtu iko hapo nalala kama mbuzi. Sasa?"

Nilisema mwizi gani atakuja kuiba maneno ya wakimbizi. Akacheka, akauliza kama wale wanawake watatu walikuwa wametumwa na malaika.

Kisha akanifundisha. Neno la siri haliwekwi kama lilivyo. Linasagwa. Kuna kanuni inayolichukua neno na kuligeuza kuwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana, na hakuna njia ya kulirudisha. Mtu akija tena kuingia, neno analolitoa linasagwa upya, kisha kinacholinganishwa ni unga kwa unga. Nilikuwa natoka kwa jirani muuza foufou, kwa hiyo hilo lilinikaa mara moja: muhogo ukishapita kinuni haurudi kuwa muhogo, lakini mwenye pua anajua unga wa shamba gani. Alisema pia kwamba kabla ya kusaga kila neno linatiwa chumvi yake, punje chache tofauti kwa kila mtu, ili watu wawili waliochagua neno moja wasitoke na unga mmoja. Na akanikataza kabisa kujichongea kinu changu mwenyewe.

"Chukua kinu ya watu wenye najua. Yako tapasuka."

Kilichonishangaza hasa kilikuwa kitu kingine. Nilimuuliza kama mimi, mwenye ukurasa, nitakuwa silijui neno la mtu hata mmoja.

"Wewe ndio hapana jua kabisa," akasema. "Hata wewe iko mtu."

Nilitoka nje nikanunua chai, nikainywa nimesimama. Maisha yangu yote nilifikiri anayelinda mlango ndiye anayejua siri za nyumba. Kumbe mlango mzuri ni ule ambao hata aliyeuchonga hana la kusimulia.

Jambo la mwisho alilonieleza lilikuwa alama. Ukishaingia, ukurasa unaiachia simu yako alama, kama muhuri wa wino mkononi kwenye lango la mpira wa Jumapili. Ukiwa nao unatoka kununua karanga na kurudi bila kuulizwa tena. Alama hiyo inafutika kwa njia mbili: muda wake uishe, au mwenyewe ubonyeze kitufe cha kutoka. Alinishauri muda uwe mfupi. Nikawafikiria akina mama wa Kashojwa wanaotafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayetafuta punje, nikaona ni ukatili kuwaandikisha neno la siri kila saa. Nikaweka muda mrefu. Kitufe kipo, nilisema moyoni, mtu akimaliza atakibonyeza.

Nilirudi Kashojwa na mlango wangu. Vitufe vilikuwa vitatu, vyote vikionekana wakati wote: Jiandikishe, Ingia, Toka. Neno la siri nililiandika kwanza "nywila", kwa sababu nililiona kwenye kamusi ya simu nikalipenda. Mama mmoja akaniuliza ni nywele za nani zinazotakiwa. Nikalibadilisha jioni hiyohiyo.

Watu wengi walikuwa na simu ndogo za vitufe zisizofungua mtandao, kwa hiyo tuliweka tableti moja kwenye meza ya kibanda, imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli, na kila mtu akaitumia hiyo. Mzee Mrundi alikubali kwa sharti moja, kwamba wanaosubiri wasikalie magunia yake ya mkaa. Walikalia.

Jirani yangu alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alinifukuza nisimame mbali alipokuwa anaandika neno lake la siri, kisha akaniita nimwandikie mengine, maana kuandika kwingi kulimchosha. Alimpata mama yake mdogo aliyekuwa akiishi Bujumbura, ambaye pia alijiandikisha, na wawili hao wakakaa kwa siku kadhaa wakishauriana, mimi nikiwa karani na nikimaliza namwachia yeye tableti. Walikuwa wanatafuta swali. Swali ambalo hakuna kijiji wala kabila wala mchungaji angeweza kulijibu, ila mdogo mwenyewe.

Wakalipata. Walipokuwa wadogo, mama yao aliwatuma mtoni kuosha mtwangio, ule mti mrefu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Walicheza nao majini ukawaponyoka, mto ukauchukua. Jirani yangu alimsimulia mama yake mdogo yote, nami nikaandika kama alivyotamka: kwamba mdogo ndiye aliyeuachilia, na kwamba yeye, mkubwa, alijitwika kosa na kupigwa fimbo zisizo zake. Kwenye tangazo la wazi tuliweka swali peke yake: siku ile mtoni, nani aliachilia nini, na nani alipigwa?

Wale watatu wa mwanzo walinyamaza wote. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nitembee kijijini kifua mbele.

Kisha majibu mawili yalikuja karibu pamoja.

La kwanza lilitoka Kigoma, na lilikuwa na hasira tangu neno la kwanza. Lilisema: "Mukubwa, usiongope tena. Uliyeachilia ni wewe. Niliyepigwa ni mimi." Jirani yangu aliponisikia nikilisoma alisimama. Alisema mwongo huyu hana hata adabu, amebahatisha, amekosa, na sasa anamtukana. Akaniamuru nimfungie asiandike tena. Nikamfungia.

La pili lilitoka kwa mwanamke aliyesema yuko Mbarara, anafanya kazi za nyumbani kwa watu. Hilo lilikuwa na kila kitu mahali pake. Mdogo aliachilia mtwangio, mkubwa akapigwa kwa ajili yake, na maisha yake yote amekuwa akitaka kumshukuru dada yake kwa fimbo zile. Nilipofika kwenye fimbo, jirani yangu alijifunika uso kwa kitenge. Nilimsomea tena. Nikamsomea mara nyingine, kwa sauti, watu wakiwa wamekusanyika, na mzee Mrundi alivua kofia yake.

Wakapanga aje Jumapili. Jirani yangu alitangaza kanisani, kwaya ya akina mama ikaanza kufanya mazoezi, akanunua mkeka mpya, akapaka udongo mweupe kuta za chumba. Alisema mdogo wake akifika wataenda ofisi ya wakimbizi waombe aandikwe kwenye kadi ya familia, wawe nyumba moja mbele ya serikali kama walivyo mbele ya Mungu. Sijawahi kumwona mtu akipika kiasi hicho kabla hata mgeni hajaingia barabarani.

Mimi, kazi yangu ilipoonekana imekwisha, miguu ilianza kuwasha. Nilisikia wafugaji wa Endiinzi wana namna yao ya kutambua ng'ombe waliochanganyika, nikaenda kuona. Nilikaa huko siku kadhaa nikijifunza kwamba mfugaji hahitaji alama sikioni. Anamjua ng'ombe wake kwa mwendo wake akiwa mbali. Nilirudi Ijumaa, mchana, nikiwa nimejawa na fikra hizo. Nikakaa kwenye tableti niangalie kama kila kitu kinafanya kazi.

Nilifungua ukurasa. Haukuniuliza mimi ni nani. Nilijikuta ndani ya akaunti ya mzee mmoja wa upande wa pili wa kijiji, mbele yangu ujumbe alioandikiwa na mwanawe kuhusu ugonjwa wa mkewe. Niliondoa mkono kwenye kioo kama nimegusa jiko.

Nikafungua laptopu, nikaangalia kumbukumbu za seva, mahali panapoonyesha nani kaingia na nani katoka. Walioingia kwenye ile tableti walikuwa wengi, ukurasa baada ya ukurasa. Aliyetoka alikuwa mmoja, naye ni mimi, siku ya majaribio. Kila mtu alikuwa amemaliza, akainuka, akaenda zake na kuuacha mlango wazi kwa aliyefuata, mpaka huyo alipobonyeza Ingia kwa jina lake.

Nilimuuliza mzee Mrundi kama alilijua hilo. Alinishangaa kwa nini namuuliza kitu kinachoonekana.

"Kijana, hapa tunasomeana," akasema. "Anayekaa akikuta habari ya mwenzake, anampelekea. Mwenye shule anamsomea asiye na shule. Ulitaka barua ilale mezani na mwenyewe yuko shambani?"

Na ilikuwa kweli. Ndivyo tulivyoishi siku zote: barua ikifika, anayejua kusoma anaisoma, wa jirani wanasikia, wa mbali wanapelekewa. Kumkuta mtu ameacha ujumbe wake wazi na kuupita bila kuusoma ingekuwa ni kumnyima msaada. Nilikuwa nimewajengea watu chumba cha siri, nao wakakitumia kama baraza.

Lakini kitufe, nikasema. Kitufe cha Toka kiko pale juu, kikubwa, chekundu. Mama mmoja aliyekuwa amekalia gunia la mkaa alinijibu kabla mzee hajafungua mdomo.

"Batu banasema ukifinya Toka, jina yako inatoka."

Inatoka wapi, nikamuuliza. Kwenye kompyuta, akasema. Na kompyuta zote zinaongea, na ikifika ya ofisini, yenye orodha ya chakula, jina limetoka, utakula nini. Wengine waliokuwa wanasubiri wakaitikia. Nikawaambia ukurasa wangu na ofisi havijuani hata kwa salamu. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua dunia.

Nilikwenda kwa jirani yangu. Alikuwa anachambua mchele wa Jumapili kwenye ungo. Nilimuuliza polepole kama yeye, alipokuwa akimaliza kuandikiana na mama yake mdogo, aliwahi kubonyeza kile kitufe.

"Toka?" akasema. "Mi balishanifukuza ku fasi tatu, peti. Kwa nini nijifukuze mimi mwenyewe?"

Alipahesabu kwa vidole mahali hapo patatu, akaendelea kuchambua. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na yeye alikuwa bado. Habari yote ya mtwangio, swali na jibu lake, ilikuwa imelala ndani ya akaunti yake, na akaunti yake ilikuwa wazi mbele ya yeyote aliyekaa kwenye ile meza baada yake.

Nilimwomba aingie kwa neno lake kwenye laptopu niliyokuja nayo, nilisome tena jibu la mwanamke wa Mbarara. Nikalisoma kwa macho, bila sauti. Na hapo nikaliona. Neno mtwangio lilikuwa limeandikwa "mutwagio". Herufi moja ilikuwa imeanguka. Nikafungua mazungumzo ya Bujumbura, yale niliyoyaandika mimi kwa haraka yeye akitamka, na kosa lilikuwa pale, langu mwenyewe: "mutwagio". Nilipokuwa nalisoma kwa sauti mbele ya watu, mdomo ulikuwa umelirekebisha bila kuniuliza. Nikaangalia kumbukumbu mara nyingine. Akaunti ya yule mwanamke haikufunguliwa Mbarara. Ilifunguliwa kwenye tableti yetu, ile yenye mnyororo wa baiskeli, mara tu baada ya jirani yangu kuinuka.

Nilimwambia yote pale pale, penye ungo na mchele. Kuku alikuja kudonoa pembeni mwa ungo, hakumfukuza.

"Njo kusema unaniondolea mudogo yangu mara ya pili," akasema.

Nikamwambia kuna mwingine. Yule wa Kigoma tuliyemfungia.

"Yule alikosa."

Nikamwambia aliyenakili hawezi kukosa. Anaandika kama alivyokuta, hata na makosa ya karani. Anayekumbuka kwa kichwa chake ndiye anayeweza kubisha. Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Labda kwa wale wafugaji na mwendo wa ng'ombe wao. Aliinuka bila kuvaa viatu, akanitangulia kwenda kibandani.

Nilimfungulia yule wa Kigoma, nikamwandikia aniletee namba. Ilikuja haraka sana, kana kwamba alikuwa amekaa na simu mkononi tangu siku tuliyomfungia. Mzee Mrundi alitoa simu yake mwenyewe, akaifungulia sauti ili wote tusikie, maana kusikia peke yako hakukuwa desturi pale.

Hawakusalimiana. Jirani yangu aliuliza moja kwa moja, "Nani alipigwa fimbo?"

"Mimi."

"Muongo."

"Muulize mutwangio wenyewe," sauti ikasema. "Si uko mu manyasi ya banda ya mbuzi, fasi tuliuficha?"

Jirani yangu alikaa juu ya gunia la mkaa. Akatandaza mikono magotini, akatazama mbele kama mtu anayetazama nyumba inayoanguka, au inayojengwa, sikuweza kujua. Nilimuuliza kuna nini. Alikuwa hanisikii. Baadaye ndipo alipoeleza. Mtwangio haukupotea. Waliukuta baadaye umenasa kwenye matete chini ya mto, lakini mama alikuwa ameshachongesha mpya na fimbo zilikuwa zimeshapigwa, wakaogopa kupigwa tena, wakauchomeka kwenye nyasi za paa la banda la mbuzi na kuapa kutosema. Hakumwambia mama yake mdogo. Hakuniambia mimi. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu alikuwa ameusahau kabisa, mpaka dakika ile sauti ya Kigoma ilipomtolea kutoka kwenye kichwa chake mwenyewe kitu ambacho yeye hakujua kimo.

"Mukubwa," simu ilikuwa inaita mezani. "Mukubwa, uko?"

"Niko," akasema. Halafu akasema tena, kwa sauti ndogo sana, "Lakini uliuachilia wewe."

Jumapili yule mwingine alikuja, kwa sababu hatukuwa tumemwambia asije. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotazamia, kibegi begani, nguo imepigwa pasi. Aliliuliza jina la jirani yangu kwa watu, akaletwa mpaka mlangoni. Nilitegemea kelele. Jirani yangu alimuuliza tu jina lake, na alipotaja la mdogo mtu, akamuuliza tena, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka. Mara hiyo akataja lake. Alisema hakujua aandike nini kwenye ukurasa ule; kila mtu pale alikuwa na mtu wa kumtafuta, na wa kwake wote aliwazika. Akakuta akaunti iko wazi na ndani yake kuna dada.

Kwaya haikuimba. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, akapewa sahani, akala, na jioni akarudi alikotoka. Jirani yangu alimfungia foufou kidogo kwenye mfuko. Sijamwona tena, ingawa mara mojamoja akaunti yenye jina lake la kweli huingia, haiandiki kitu, inasoma tu.

Nilipunguza muda wa alama ukawa dakika chache. Na kile kitufe nilikibadilisha. Nilijaribu "Funga", wakasema ni kama jela. Nilijaribu "Maliza", mzee Mrundi akasema halipendi. Rafiki yangu wa Mbarara, nilipompigia kumweleza, alicheka mpaka simu ikakoroma, kisha akasema yeye hata siku moja hakufikiri neno Toka linaweza kumuumiza mtu. Mwishowe niliandika "Nitarudi". Hilo walilikubali. Akina mama walianza kulibonyeza kwa furaha, wengine walilibonyeza hata kabla ya kumaliza.

Mdogo alifika kwa kupitia mpaka wa Mutukula msimu wa mavuno ya maharage. Mimi bado nilikuwa Kashojwa, jambo lililonishangaza mwenyewe. Wale wawili walikumbatiana, wakalia kama inavyopasa, na kabla ya jua kuzama walikuwa wanabishana kuhusu mtwangio mbele ya nyumba nzima, kila mmoja akinionyesha kidole niwe hakimu.

Siku chache baadaye walikuja kibandani wamwandikie mama yao mdogo wa Bujumbura. Mdogo alitaka kuandika mwenyewe. Aliingia kwa neno lake, akaandika kwa muda mrefu, akamaliza, akaniuliza sasa afinye wapi. Nikamwonyesha kitufe. Alikisoma kwa kusogeza midomo.

"Hapana," akasema. "Mi sirudi tena fasi yoyote. Nimefika."

Akainuka, akamshika dada yake mkono, wakaenda. Ukurasa ulibaki wazi juu ya meza, na wa pili kwenye foleni alikuwa ameshaanza kujisogeza kwenye kiti. Nikanyoosha mkono nikakifinya mimi.